Pengo Nililoziba kwa Simiti

Ninyi vijana mna haraka, na haraka yenu naijua jina: simiti. Jiwe likikataa kukaa, simiti. Pembe ikienda kombo, simiti. Nadhani hata mkigombana na wake zenu mnatafuta mfuko wa simiti. Halafu mnakuja kwangu, mzee niliyestaafu, mgongo umepinda, kidole kimoja kimebaki nusu, mnaniuliza kwa nini nikikuta ukuta wa mawe makavu umetiwa simiti napandwa na hasira kiasi cha kukosa kula. Kwa kawaida huwa nawafukuza. Leo nimeshiba na goti haliniumi, kwa hiyo nitawajibu.

Ukuta wa mawe makavu ni ule unaosimama kwa mawe peke yake, bila udongo, bila chokaa, bila chochote cha kubandika. Huku kwetu Migori na Homa Bay wazee walijenga hivyo maboma mazima juu ya vilima, watu na mifugo wakakaa ndani. Sisi Wajaluo boma la namna hiyo tunaliita ohinga. Nimekarabati maboma hayo, mazizi na misingi ya maghala kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu.

Aliyenifundisha ni Mzee Mwita, Mkuria wa Ntimaru. Alikuwa mfupi, sikio moja halisikii, ugoro puani tangu jogoo la kwanza. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa upande wake.

"Mura," aliniambia siku ya kwanza, maana ndivyo Wakuria humwita kijana wa kiume, "nyinyi watu ya samaki munajua kushika jiwe kweli?"

"Najua, mzee."

"Haya. Jenga."

Nikajenga ukuta wa zizi la kondoo, ukanifika kiunoni, nikajiona fundi. Mzee Mwita akaja, akautazama, akauegemea ili avute ugoro wake. Ukaanguka naye. Alikaa pale kwenye kifusi akatafuta kichupa chake, akavuta ugoro taratibu, kisha akasema, "Asante, mura. Nilikuwa natafuta mahali ya kukaa."

Sikulala vizuri wiki nzima kwa aibu. Lakini yeye hakunifukuza. Alinionyesha kwamba ukuta mmoja ni kuta mbili zinazoegemeana, uso wa nje na uso wa ndani, na katikati unajaza mawe madogo, moja moja kwa mkono, si kumwaga kwa karai. Kila jiwe likae juu ya mawili. Kila ukifika urefu wa goti, weka jiwe refu linalotoka uso huu mpaka uso ule ili kuta hizo mbili zishikane. Na upande mrefu wa jiwe uingie ndani, ule mfupi ndio utazame nje. Vijana hupenda kuonyesha upande mrefu kwa sababu unapendeza, na kuta zao huanguka kwa sababu ya urembo.

Alinifundisha pia kugonga. Unagonga jiwe kwa jiwe jingine na kusikiliza. Jiwe zima hulia, jiwe lenye ufa hukohoa. Kwa sikio lake moja Mzee Mwita alisikia mambo ambayo mimi na yangu mawili sikuyasikia. Ukigeuza jiwe mara tatu na bado linakataa, alisema, liweke chini, si lako leo. Na la mwisho, ambalo nililidharau: kabla ya kugusa ukuta uliojengwa na mtu mwingine, uusome kwanza. Jiulize aliyejenga alikuwa anataka nini.

Sasa sikilizeni nilivyokosea.

Miaka ile ya tisini niliitwa na Mzee Okeyo, ambaye boma lake liko juu ya kilima ukitoka Migori kuelekea Karungu. Familia yake ilikuwa bado inaishi ndani ya ohinga ya mababu zao. Nyumba zilikuwa za mabati, lakini ukuta uliozizunguka ulikuwa uleule wa zamani, mrefu kunishinda, na mnene kiasi kwamba ukinyoosha mikono miwili hufikii pande zote. Mlango mkubwa ulikuwa na mawe mapana juu yake, na ulikuwa chini sana. Adui alipaswa kuinama ili apigwe vizuri. Mimi niligonga kichwa mara mbili siku ya kwanza, mara ya pili ng'ombe wote wakinitazama.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Upande wa nyuma, mbali na mlango, palikuwa na pengo la upana wa hatua mbili. Lilikuwa limejazwa mawe yaliyorundikwa tu, bila hata jiwe moja refu la kushikisha. Nikacheka. Nikamwambia Mzee Okeyo kwamba aliyeziba pale alikuwa mvivu au mlevi.

Yeye hakucheka. "Paziba, fundi," alisema. "Paziba pasifunguke tena." Tulikuwa tukizungumza Kijaluo, nami nawasimulia kwa Kiswahili ili wote mnielewe, lakini namna alivyolisema neno lile "tena" siwezi kuiiga kwa lugha yoyote.

Bintiye Akinyi alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya mama yake, amevaa sweta katika jua la saa tano. Alikuwa fundi wa cherehani Nakuru, hajaolewa, na alikuwa amerudi nyumbani amekonda. Miaka ile wengi walirudi hivyo kutoka mijini. Tulisema ni malaria. Wengine walisema ni chira, laana ya aliyevunja mwiko. Ule ugonjwa wenyewe hatukuutaja, kana kwamba ukitajwa utaitika. Mama yake, ambaye watu walimwita Nyar Karungu kwa sababu ndiko alikozaliwa, alimshikia kikombe cha uji kwa mkono wake, maana binti mwenyewe hakuweza kukiinua.

Nilifungua pengo, nikaliziba upya kwa siku mbili, vizuri kabisa. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuta liko wazi.

Ukuta ukianguka wenyewe, mawe huwa lundo. Haya hayakuwa lundo. Yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi. Mawe ya uso yalikuwa mstari wa kwanza, karibu na ukuta, makubwa mpaka madogo. Nyuma yake yalikuwa mawe ya kujazia. Yale marefu ya kushikisha yalikuwa pembeni, peke yake. Hivyo ndivyo fundi anavyoshusha ukuta anaotaka kuujenga tena. Na umande ulikuwa bado umelala juu ya nyasi pande zote, mweupe, bila alama ya unyayo hata mmoja isipokuwa wa kwangu.

Mimi ni Msabato. Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba wafu hawajui neno lolote, nami naamini hivyo hadi leo. Nilijiambia kuna jirani mwenye wivu. Nikajenga tena. Asubuhi iliyofuata, mawe yalikuwa kwenye nyasi, mstari kwa mstari.

Mara ya tatu niliweka chini kabisa jiwe ambalo mimi na Mzee Okeyo tulilisukuma kwa mtaimbo huku tukipiga kelele. Hiyo ilikuwa Ijumaa mchana. Jumamosi nilikuwa kanisani. Jumapili nilipofika, lile jiwe lilikuwa limelazwa pembeni, taratibu, na majani yaliyokuwa karibu yake hayakuvunjika. Nywele za shingo zilinisimama, siwafichi. Nilikwenda kumwamkia Akinyi ili nipate tu kuongea na mtu. Alinipa mkono. Ulikuwa mwepesi, umekauka. Chini ya kucha zake palikuwa na vumbi la kijivu, vumbi la mawe, ambalo mimi nalijua kuliko ninavyoujua uso wangu.

Nilituma ujumbe Ntimaru kumwita Mzee Mwita.

Alikuja na gari la wafanyabiashara wa mahindi, akaingia mlango ule akiwa amesimama wima, kwa ufupi wake, akanitazama uvimbe kwenye paji la uso akafurahi sana. Akauliza kama mawe yangu nayo hupumzika Jumamosi. Kisha akaanza kuuzunguka ukuta kwa nje, akipitisha vidole, akigonga, akitega lile sikio zima. Alipofika kwenye pengo alisimama.

"Umeona mabega yake?" aliniuliza.

"Mabega gani, mzee?"

"Hapa na hapa." Aligusa kingo mbili za pengo. Zilikuwa zimenyooka. Mawe makubwa yalikuwa yamepishana, moja refu, moja fupi, kutoka chini mpaka juu, jinsi tunavyojenga kando ya mlango. "Ukuta ikianguka, inaachanga meno. Hii haina meno. Hii haikuanguka, mura. Walijenga hivi. Hii ni mlango, na inafungwa na mawe ya kuondoa. Wewe umekuja kuifunga ya kabisa?"

Niliona aibu kuliko siku ile ya zizi la kondoo. Siku zote hizo nilikuwa nimeshika kingo zile kwa mikono yangu, na sikuzisoma.

"Mlango wa nani?" niliuliza.

"Uliza mwenye boma. Mimi narudi kwetu."

"Kunywa hata chai, mzee."

"Hapana." Mzee Mwita hakuwahi kukataa chai, mvua wala jua. Siku ile alikataa, akashuka kilima bila kugeuka nyuma.

Mzee Okeyo hakunizungusha. Nilimkuta kwa ng'ombe, nikamwuliza, akaniambia palepale. Kwa desturi yetu, binti akifa kwa wazazi wake kabla ya kuolewa, hazikwi ndani ya boma. Na katika ohinga ile hakupitishwa hata mlango mkubwa. Alitolewa kwa nyuma, kwenye pengo lile, kisha mawe yakarudishwa. Mila hiyo mimi siipendi, nawaambia wazi. Kumtoa mtoto kwa nyuma kama jivu la mekoni, hapana. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sikuulizwa.

"Dada yangu alitolewa hapo," alisema Mzee Okeyo. "Mimi nilikuwa mmoja wa waliombeba. Na tangu Akinyi arudi, kila nikiamka, hilo pengo linaniangalia. Fundi, pakikosa mlango, atapita wapi?"

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikuwa ananitazama kama mtoto anayetaka aambiwe ndiyo. Mimi pia nina mabinti. Niliwaza pia, siwezi kukataa, juu ya sifa yangu, na jinsi watu sokoni walivyoanza kusema kuta za fundi yule hazimalizi hata siku moja. Nikamwambia alete simiti.

Ililetwa juu ya punda. Nikaimwaga katikati ya ukuta, pale pa mawe ya kujazia, nikaingiza na vipande vya nondo, na pande zote mbili nikapanga uso mzuri wa mawe makavu ili mtu asijue. Ilikuwa kazi safi. Ukiitazama usingeona kitu. Ni ukigonga tu ndipo ungejua.

Asubuhi ukuta ulikuwa umesimama. Siku ya pili pia, na ya tano. Mzee Okeyo alichinja jogoo. Na jambo la kushangaza, Akinyi alipata nafuu. Alikula samaki, akaomba kioo, akatembea mpaka zizini kwa fimbo. Nyar Karungu aliimba akipepeta mtama. Nilifurahi pamoja nao, nikajiona nimeshinda kitu.

Lakini boma lilibadilika, nami niliyebaki siku kadhaa kuuangalia ukuta niliona. Upepo wa ziwani ukipita kwenye ukuta wa mawe makavu hutoa sauti, mluzi mdogo ambao ukikaa siku mbili huusikii tena kwa mazoea. Pale nilipoziba, mluzi ulikatika. Ulikuwa ukitembea kando ya ukuta unausikia, unausikia, halafu kimya cha hatua mbili, halafu unausikia tena. Kimya kile kilinifanya nigeuke kila mara kuona nani amesimama pale. Mijusi walihama sehemu ile. Ng'ombe nao waliacha kulala karibu yake, wakabaki wamejibana upande wa pili, na mbele ya kazi yangu pakabaki uwanja mtupu wenye umbo la nusu duara, ambao hakuna kitu kilichoukanyaga.

Siku niliyokuwa nafunga vifaa ili niende Homa Bay, Akinyi alinifuata nyuma ya nyumba. Aliokota jiwe dogo, akagonga ukuta upande wa kushoto, akagonga katikati, akagonga kulia. Babu yake, aliyekuwa akiutunza ukuta ule, alimfundisha kugonga alipokuwa msichana mdogo wa kumbebea mawe ya kujazia.

"Fundi," alisema kwa Kiswahili cha Nakuru, "umeweka nini hapa ndani?"

Nikainama kufunga kamba ya gunia la vifaa.

"Umeweka simiti. Baba alikuambia?"

"Baba yako anataka upone, nyathina," nilisema, yaani mwanangu.

"Najua. Lakini siku hizi kila asubuhi anakuja kuangalia hii ukuta. Mimi hata haniangalii." Akakaa chini, akapumua kidogo. "Ile mawe ilikuwa inatoka, watu walisema ni mimi. Ulisikia?"

"Sikusikia. Ni wewe?"

Alinionyesha mikono. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika. "Sijui. Ukweli ya Mungu, sijui. Nilikuwa naamka tu nikiwa na vumbi mkononi, na nimechoka. Lakini kikombe siwezi beba, sasa mawe ningebebaje?"

Jua lilikuwa linawaka, saa nane mchana, na mimi nilisikia baridi.

"Shangazi yangu alipita hapa," alisema. "Sitaki kupitia pengine. Na nikikosa njia, nitabaki ndani humu nikizunguka. Siku yangu ikifika, fundi, nani atafungua?"

"Mimi," nilisema. "Nitakufungulia." Nilisema haraka, jinsi unavyomwambia mgonjwa, na wala sikuwaza ile simiti ya katikati ilivyokuwa imeganda.

Sikukaa Homa Bay hata mwezi. Dereva wa lori la omena, dagaa wa ziwani, aliniletea barua ya mistari miwili. Akinyi alikuwa amefariki, na kabla hajafumba macho alimwomba baba yake apitishwe mlango wake.

Nilifika asubuhi ya mazishi. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili mbele ya ukuta, katika ule uwanja mtupu wa nusu duara. Wanaume wa ukoo walikuwa wamejaribu kwa jembe na mtaimbo tangu alfajiri. Mawe ya uso yalikuwa yameshuka. Nyuma yake simiti yangu ilikuwa imesimama, kijivu, bila ufa, na kila mtu akaona nilichokuwa nimeficha. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Nilichukua nyundo na tindo, nikaanza. Ukuta wa mawe makavu unaufungua kwa mkono, jiwe moja moja, na kila moja linabaki zima. Huu haukufunguka, ulivunjika. Mawe yaliyochaguliwa na watu ambao hata majina yao hayajulikani yalipasuka mikononi mwangu pamoja na simiti, kwa sababu simiti ilikuwa imeyashika kuliko yalivyojishika yenyewe. Hapo ndipo kile kidole kilipokwenda, chini ya nyundo yangu mwenyewe. Nikakifunga kwa kitambaa nikaendelea. Jua likafika utosini. Jeneza lilikuwa linangoja, na watu walikuwa wanangoja, na nzi walikuwa wameanza.

Mchungaji akasogea, akasema kwa upole kwamba Mungu hana shida na mlango, basi tumpitishe mlango mkubwa tukamzike. Wazee wa ukoo wakakataa. Maneno yakaanza kupanda. Nyar Karungu alikuwa amekaa chini, mkono juu ya mbao za jeneza.

Mzee Okeyo akapita katikati yao wote. Akapiga magoti kwenye kifusi karibu nami, akaanza kuchimba simiti kwa kucha zake.

"Mfungulie mtoto wangu," aliniambia. "Nakuomba. Mfungulie."

Alasiri tulipata upenyo. Haukuwa upana wa hatua mbili za zamani, ulikuwa tundu lenye meno, la kutosha jeneza likiinamishwa. Tuliliinua, tukaliingiza. Katikati likakwama. Upande mmoja kulikuwa na nundu ya simiti yenye nondo ndani, ambayo nyundo ilikuwa imeshindwa nayo, na jeneza likaikwaruza. Ile sauti ya mbao ikikwaruzwa, mama yake aliposikia, ndipo alipolia mara ya kwanza siku ile.

Mzee Okeyo aliingiza mkono wake kwenye lile tundu, akaifunika ile nundu kwa kiganja.

"Sukumeni," alisema.

"Jaduong', mzee wangu, toa mkono," nilimwambia.

"Sukumeni."

Tukasukuma. Jeneza likapita juu ya mkono wake pole pole, kwa uzito wake wote. Hakuutoa. Uso wake ulikuwa karibu na mbao, na nilimsikia akizungumza na binti yake kwa sauti ndogo, jinsi baba anavyomwita bintiye akimwonyesha mahali pa kukanyaga.

"Pita, mama," alikuwa anasema. "Pita. Pita, mama."